Shukrani Isiyojua Deni

Kila mwaka wanafunzi na watu wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani hujiandaa kuja Tanzania, na baadhi yao hufika Shinyanga na Geita. Huchanjwa, hujifunza salamu chache, na wengi huambiwa kuwa safari itawafunza kushukuru: wakirudi kwao watathamini maji ya bomba na taa ya kusomea. Nia ni njema. Hata hivyo, shukrani ya namna hiyo humgeuza mwenyeji kuwa kioo cha mgeni kujitazamia, kana kwamba ufukara wa mtu ni somo lililoandaliwa kwa ajili ya mwingine.

Ajiandaaye kuja Shinyanga angeanza na historia. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye akamtunuku Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa harusi yake. Je, nani aliishukuru Mwadui? Mgodi mkubwa wa Geita nao umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2000, na sehemu kubwa ya dhahabu hiyo imekuwa ikiuzwa ng'ambo. Ajuaye hayo hataishia kushukuru kwamba hakuzaliwa huku. Atauliza raha yake imetokana na jasho la nani.

Nasi wenyeji tuna letu la kujisahihisha. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6, na yakamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii, uliokubaliwa na halmashauri husika. Hilo ni deni, si sadaka. Darasa likijengwa kwa fedha hizo, kisha watoto wakapangwa juani kumwimbia mwekezaji nyimbo za shukrani, tunawafundisha kushukuru kwa kupewa haki yao.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa kuhurumiwa. Mgeni na aje na maswali kuhusu dhahabu kabla ya kuja na zawadi za madaftari. Nawe mtumishi wa halmashauri, usomee mpango huo na matumizi yake katika mkutano mkuu wa kijiji. Wananchi wakishajua walichostahili na walichopata, wataamua wenyewe nani wa kushukuriwa na nani wa kudaiwa.