Wino wa Kadi na Haki ya Kura



Wazee wetu walibeba buku. Mtu bila buku aliogopa polisi njiani. Lakini katika Desemba 1957, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilipopiga kura mara ya kwanza, buku haikutosha: waliitwa wanaume tu, wa miaka 25 na zaidi. Mama zetu walibaki nyumbani, na katika Mai 1960 vile vile.

Leo sheria inaita kila raia wa miaka 18, mwanaume na mwanamke. Vizuri. Lakini angalieni mlango wa kuingilia. Kadi ya kupiga kura, iliyoanza 2005, ndiyo imekuwa buku yetu, maana raia wengi hawana kitambulisho kingine. Kwa kupokea feza, kwa kununua namba ya simu, kwa kupita barieri, ni hiyo tu. Inakaa mfukoni kila siku, na jasho linaila.

Kadi za 2023 zilizidi. Tume ya Uchaguzi iliandika watu zaidi ya milioni 43, na miezi michache haikupita, wino wa kadi nyingi ukafutika: sura haionekani, jina halisomeki. Watu wakapanga mstari tena kutafuta kadi ya pili. Kwa kibarua, siku ya mstari ni siku bila posho. Karibu kabisa na kura ya 20 Desemba ndipo Tume ilisema: mwenye kadi iliyofutika atapiga kura kama jina lake liko katika orodha. Neno zuri, lakini lilichelewa. Mtu aliye chini ya shimo angelisikia wapi? (Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakupiga kura siku ile hata wenye kadi safi, sababu ya vita.)

Sisi makalani tunajua: mshahara umeandikwa katika kitabu kikubwa cha biro. Mfanya kazi akipoteza karatasi yake, tunafungua kitabu, hatumfukuzi. Orodha ya wapiga kura ndiyo kitabu kile. Basi tunadai ibandikwe kampini na katika site miezi mingi mbele ya kura, na kadi ya pili itolewe bila feza, hata Jumapili, ili mtu wa zamu aipate.

Nanyi wandugu, andikeni leo namba ya kadi yenu katika daftari nyumbani, wino ungali unasomeka. Ya bibi yako pia.