Nganda si chupa tu: tuandike historia yake kabla haijazimika

Mkaaji wa Bukavu akikuambia "tuonane pale", mara nyingi hataji ofisi wala kanisa. Anataja nganda. Pale ndipo kazi inatafutwa, mahari yanajadiliwa, kiwanja kinauzwa, mpira unachambuliwa, na habari za Kabare, Walungu au Kalehe zinafika kabla redio haijazitangaza. Lakini tunapoandika historia ya mji huu, tunaandika magavana, maaskofu na vita. Nganda haimo. Kwa maoni yangu, hilo ni pengo, na miaka hii ya taabu ndiyo wakati wa kuliziba.

Kuna nchi ambayo haioni haya kuhesabu baa zake kati ya mali za taifa: Ireland. Si nchi ngeni kabisa kwetu. Mwaka 1960, Umoja wa Mataifa ulipotuma vikosi Kongo, batalioni ya kwanza ya Ireland kutumwa ng'ambo ilipangwa hapa kwetu Kivu. Wazee wengine bado wanakumbuka askari wale waliovaa nguo nzito za sufi chini ya jua letu.

Kwao, baa inaitwa "pub", kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote. Mjini Athlone kuna Sean's Bar, inayodai kuwa na mizizi ya mwaka 900. Dublin kuna Brazen Head, inayojitambulisha kwa mwaka 1198. Ukweli wa miaka hiyo wanahistoria wanaweza kubishania. La muhimu ni kwamba mwenye nyumba anajua hadithi ya nyumba yake na kila mgeni anasimuliwa. Vijijini, baa nyingi zilikuwa pia duka: mbele chai na sukari, nyuma pombe. Wanamuziki hawapandi jukwaani. Wanakaa kwenye meza kama wateja wengine, na anayejua wimbo anajiunga. Watalii wanavuka bahari kwenda kukaa humo, ingawa bia ile ile ya Guinness inauzwa hata Afrika. Wanafuata nyumba, hawafuati chupa.

Na sisi je? Ndugu msomaji, usiseme hatuna historia ya namna hiyo. Kabla ya chupa ya kwanza kufika kwenye ziwa hili, Bashi walikuwa na kasiksi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yanaachwa yachachuke. Kasiksi haikuwa kinywaji cha kulewa tu. Bila kibuyu cha kasiksi, mahari hayakuwa kamili, msiba haukufungwa vizuri, na ndugu waliogombana hawakuhesabiwa kuwa wamepatana. Mwenyeji alionja wa kwanza mbele ya wageni, ili kila mtu ajue kwamba hakuna sumu. Desturi hiyo haikufa. Mpaka leo, katika nganda yoyote ya Kadutu au Nguba, chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, na ukitoka kidogo unaifunika. Hiyo ni sheria ambayo haikuandikwa popote, na kila mtu anaiheshimu.

Halafu wakaja Wabelgiji. Kampuni iliyokuja kuitwa Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na Primus ya kwanza ilitoka mwaka 1926. Katika mji huu, uliokuwa ukiitwa Costermansville, wazungu walikuwa na mahali pao kando ya ziwa, na weusi walikuwa na kwao, katika kartie kama Kadutu na baadaye Bagira. Usiku, Mkongomani hakuruhusiwa kutembea katika mji wa wazungu bila karatasi. Pombe kali alikatazwa. Bia ndiyo aliyoruhusiwa, na akainywa upande wake. Kwa hiyo baa ya cité ilikuwa kati ya mahali pachache ambapo watu weusi wa makabila mbalimbali walikaa pamoja bila bwana kuwasimamia. Hapo Mushi, Murega, Muhavu, Mufuliiru na Mubembe walizoea kuzungumza Kiswahili kimoja. Anayetaka kujua namna Bukavu ilivyokuwa mji asome hati za utawala, lakini asisahau kuuliza watu walikaa wapi jioni.

Hata chupa yenyewe inabeba historia yetu. Wakati wa vita vya RCD, kati ya 1999 na 2003, wafanyakazi wengi wa Bralima Bukavu walipoteza kazi. Zaidi ya 160 kati yao walipeleka malalamiko mpaka Uholanzi, kwenye nchi ya Heineken, aliyekuwa mwenye Bralima wakati huo, na mwaka 2017 wakafikia mapatano ya kulipwa fidia. Kisha ikaja Februari 2025. Katika siku zile mji ulipoangukia mikononi mwa AFC/M23, kiwanda kiliporwa. Mwezi wa sita mwaka huo huo, Heineken ikatangaza kwamba watu wenye silaha wamechukua majengo yake Bukavu na Goma, na kwamba haina tena usimamizi juu yake. Mabenki nayo yalikuwa yamefunga milango. Mtu asiye na mshahara haagizi chupa, na mtu mwenye hofu harudi nyumbani usiku.

Hapa ndipo ninapoona hatari. Bia inaweza kurudi siku moja, maana biashara hutafuta njia yake. Lakini nganda iliyofungwa mwaka mmoja au miwili, mwenye nyumba akakimbilia Bujumbura au Kampala, wateja wake wakatawanyika, hairudi kwa urahisi. Pamoja nayo yanapotea majina, masimulizi, picha zilizokuwa ukutani, na ile meza ambapo mwalimu, mwenye kusukuma mkokoteni na mfanyabiashara walikaa bega kwa bega, wakagawana Primus moja kubwa na sahani ya sambaza. Badala yake anabaki kijana peke yake na chupa ndogo ya plastiki ya pombe kali, anayokunywa haraka bila mtu wa kumwambia "ndugu, inatosha".

Najua watakaonijibu. Mama aliyengoja posho ya watoto mpaka usiku wa manane ana haki ya kuchukia neno nganda. Wachungaji wameona ndoa zikivunjika. Majirani wamechoka na kelele za vipaza sauti. Hayo yote ni kweli, na siyatetei. Lakini Ireland pia ilipitia humo. Mwaka 1838, padri Theobald Mathew alianzisha kampeni kubwa ya watu kuapa kuacha pombe. Sheria ya mwaka 1927 ilifunga baa siku ya Ijumaa Kuu, na ikaondolewa mwaka 2018 tu. Hadi miaka ya 1970, baa nyingine zilikataa kuwahudumia wanawake, kama vile hapa kwetu mwanamke akikaa peke yake na fanta yake anapewa jina baya. Wairlandi waligombana, wakarekebisha, na hawakufuta historia ya nyumba hizo. Hata hivyo, zaidi ya baa 1,800 zimefungwa kwao tangu 2005. Ikiwa nchi yenye amani inapoteza nyumba zake namna hiyo, sisi tutabaki na nini?

Ubelgiji, iliyotuletea viwanda, utamaduni wake wa bia uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2016. Rumba ya Kongo iliingia mwaka 2021. Na rumba ilikulia wapi kama si katika baa? Tunasherehekea mtoto, nyumba alimozaliwa tunaiachia mvua.

Kazi ya kuanza haiombi pesa nyingi. Mwenye nganda aandike ukutani mwaka ilipofunguliwa na jina la aliyeifungua, awe baba yake au mama yake, maana wanawake wengi ndio waliosimamisha nyumba hizo. Wanafunzi wa historia wa ISP na wa vyuo vikuu vya mji wakae na wazee wa Kadutu, Bagira na Ibanda, warekodi sauti zao wakati bado zipo. Wauza kasiksi wasaidiwe kuitengeneza kwa usafi na kuiuza bila aibu, hasa sasa ambapo mnyauko wa migomba, uliotambuliwa Masisi mwaka 2001, umefika mashambani kwetu na kupunguza ndizi za pombe. Na nganda yenyewe ijiheshimu: muziki wa kiasi, mtoto asiuziwe, mwanamke akae kwa amani, mlango ufungwe saa inayofaa.

Nyakati hizi watu wa Bukavu wamejifunza kuzungumza kwa sauti ya chini. Mji ambao watu wake hawana tena mahali pa kukaa na kubishana bila kupigana ni mji mgonjwa, hata kama barabara zake ni kimya. Nganda nzuri ilitufundisha kubishana, kucheka na kesho kukutana tena kwenye meza ile ile. Anayeijua hadithi ya moja kati ya nyumba hizo, aiandike leo.