Tusiudharau Mgongo wa Mfanyakazi

Tumezoea kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na hapa Visiwani tumekuwa tukisema hivyo hivyo juu ya karafuu kwa zaidi ya kizazi kimoja. Ni usemi mzuri, kwani unaonesha kwamba wazee wetu waliotuachia lugha hii walijua vyema thamani ya kiungo hicho. Lakini ni mara chache mno tunapokaa tukauzungumza uti wa mgongo wenyewe, ule wa mifupa na misuli, uliomo ndani ya mwili wa mchukuzi wa bandarini, mkulima wa mwani, mchumaji wa karafuu, fundi cherehani na karani wa ofisini. Leo tunapenda kuuzungumza, na hasa ile sehemu yake ya juu, baina ya shingo na mwisho wa mbavu, ambayo maumivu yake yamewasumbua wengi na kushughulikiwa na wachache.

Maumivu haya yamezungukwa na dhana tatu ambazo, kwa maoni yetu, hazina faida. Ya kwanza ni kwamba huo ni uzee tu, hata kama mgonjwa ana umri wa miaka thelathini. Ya pili ni kwamba ametupiwa jambo na hasidi. Ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu husemwa na watu wenye madaraka, ni kwamba "hiyo ndiyo kazi", na asiyeiweza aende akatafute nyingine. Sisi tunasema kwamba sababu za maumivu haya zinajulikana, dalili zake zinajulikana, na sehemu yake kubwa inaweza kuzuiwa kwa kuzipanga upya kazi zetu. Jambo linaloweza kuzuiwa halifai kuitwa majaaliwa.

Uti wa mgongo katika sehemu hiyo ya juu una pingili kumi na mbili, na kila pingili imeungana na jozi ya mbavu. Kwa kuwa zimefungwa na mbavu hizo, pingili hizi hazichezi sana kama zile za shingo au za kiunoni, na kwa hivyo si rahisi kuteguka. Mara nyingi kinachouma ni misuli na kano zinazoyashikilia makombe ya mabega, shingo na mbavu. Misuli hiyo huumia kwa njia mbili. Huweza kuumia kwa mara moja, mtu anaponyanyua mzigo mzito huku amejipinda. Au huumia kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa kuinama au kuinua mikono muda mrefu bila ya mapumziko. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha maumivu hujaa kwa mtindo huo huo.

Tuanze na mchukuzi. Gunia la mchele, la sukari au mfuko wa saruji kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 50. Mtu hulipokea kichwani au begani, akapanda nalo ubao au ngazi, akalitua na kurudi mbio kuchukua jingine, kwani anayelipwa kwa hesabu ya mizigo hawezi kuihesabu pumzi yake. Shingo hubanwa, bega moja hupokea uzito kuliko la pili, na misuli ya mgongo wa juu hukaza ili mwili usianguke. Mtu akifanya hivyo kwa miaka kumi, si ajabu akaamka alfajiri akiwa hawezi kuigeuza shingo yake.

Tumtazame na mkulima wa mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na hadi leo wengi wa wanaokifanya ni akina mama. Bahari inapokupwa, mama huingia majini, akainama kupigilia vigingi, kufunga kamba na kuvuna. Hana nafasi ya kupumzika atakavyo, maana maji hayamngojei mtu. Akishavuna, hujitwika mwani mbichi, ambao sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, akatembea nao juu ya mchanga laini mpaka pwani. Hapo tena hukaa chini, kichwa amekiinamisha, akifunga mbegu kwenye kamba kwa ajili ya bamvua linalofuata. Kazi hiyo yote, tangu mwanzo hadi mwisho, huuangukia mgongo.

Hali si tofauti sana katika mashamba ya karafuu ya Pemba. Mchumaji hukaa juu ya mkarafuu kwa saa nyingi, mikono ameiinua juu ya kichwa, akivuta matawi. Jioni familia nzima huketi juu ya jamvi kuchambua karafuu na makonyo, migongo ikiwa imepinda. Wala wakuu wetu wa maofisini wasidhani kwamba tunawazungumza watu wengine tu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito unaokaribia kilo 5, na kila kinapoinamishwa mbele ya kompyuta, juu ya majalada au juu ya simu ya mkononi, misuli ya nyuma ya shingo na mabega hubeba mzigo unaozidi uzito huo mara kadhaa. Fundi cherehani analijua hilo. Mwanafunzi anayeandika huku amekaa sakafuni, au anayebeba mkoba mzito kwa bega moja hadi skuli, naye anaanza kujifunza somo hilo mapema kuliko inavyostahiki.

Dalili za maumivu ya namna hii ni nyepesi kuzitambua. Huwa ni uzito au kuungua baina ya makombe ya mabega. Au kichomo kikali mtu anapogeuka, kunyanyua mkono au kuvuta pumzi kwa nguvu. Misuli hukakamaa, na ikibonyezwa huwa na sehemu ngumu zinazouma. Baadhi ya watu huumwa na kichwa kwa upande wa kisogoni. Mara nyingi maumivu hayo huzidi kazi inapozidi na hupungua mtu anapopumzika au kubadilisha mkao, na kwa wengi huondoka katika muda wa wiki chache. Kukandwa kwa maji ya moto, kunyoosha viungo taratibu na kuendelea na shughuli nyepesi husaidia kuliko kulala kitandani siku nyingi. Dawa za kutuliza maumivu zina nafasi yake, lakini anayezimeza kila siku ili aweze kurudi kubeba magunia anajitafutia vidonda vya tumbo na madhara ya figo, huku chanzo cha maradhi kikibaki pale pale.

Hata hivyo, ziko dalili ambazo hazifai kungojewa, na tungependa kila nyumba izijue. Maumivu yanayokuja ghafla katikati ya mgongo au kifuani, yakifuatana na jasho la baridi, kukosa pumzi au maumivu ya mkono na taya, yanaweza kuwa ya moyo au ya mshipa mkuu wa damu, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Miguu inayokufa ganzi au kulegea, au mtu kushindwa kuizuia haja ndogo au kubwa, ni alama kwamba mishipa ya fahamu inabanwa, na kila saa inayopita ina thamani. Mwenye kikohozi, homa na kichomi huenda akawa na maradhi ya mapafu. Mwenye upele wa malengelenge uliozunguka upande mmoja wa mwili huenda ni mkanda wa jeshi. Mwanamke mzee aliyepata maumivu makali baada ya kuanguka kidogo tu, au baada ya kunyanyua ndoo, huenda pingili iliyodhoofika imevunjika. Na mtu aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu au mnazi asinyanyuliwe ovyo ovyo. Alazwe juu ya ubao ulionyooka na kupelekwa kwa wataalamu.

Liko pia jambo moja ambalo katika nchi zetu hatuna ruhusa ya kulisahau, nalo ni kifua kikuu cha mifupa. Maradhi hayo hupenda kuishambulia sehemu hii hii ya uti wa mgongo. Huanza polepole, kwa maumivu yasiyotulia hata usiku, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Mgonjwa akicheleweshwa, pingili huporomoka, akapata kibyongo au kupooza miguu. Akiwahi, hutibiwa kwa dawa za miezi mingi, na katika hospitali za Serikali dawa hizo hutolewa bila ya malipo. Inasikitisha basi kumwona mtu akizungushwa kwa mganga huyu na yule, akichanjwa na kupigwa chuku kwa mwaka mzima, na tiba iko karibu naye. Hatuwadharau waganga wetu. Tunawaomba wawe wa kwanza kumwambia mgonjwa wa namna hiyo aende hospitali.

Sasa tunarudi kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mgonjwa mmoja mmoja anaweza kushauriwa kukaa vizuri, kunyanyua mzigo kwa kupiga magoti badala ya kuinama, na kupumzika. Lakini ushauri huo una faida gani kwa mtu ambaye ubao anaopitia, uzito anaobeba na mwendo anaokwenda nao vyote vimepangwa na mwengine? Kumwambia mchukuzi apumzike wakati ujira wake unahesabiwa kwa gunia ni sawa na kumwambia afunge na wanawe. Kwa hivyo maumivu ya mgongo ni suala la hospitali, na ni suala la utaratibu wa kazi pia.

Utaratibu huo si jambo geni. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Nambari 127 unaohusu uzito wa juu wa mzigo anaoruhusiwa mfanyakazi mmoja kuubeba. Mkataba huo unataka mfanyakazi afundishwe namna ya kubeba kabla ya kuanza kazi, vyombo vya kubebea vitumike kila inapowezekana, na mizigo ya wanawake na vijana iwe myepesi zaidi kuliko ya wanaume. Pendekezo lililofuatana na Mkataba huo lilitaja kilo 55 kuwa ndio mpaka wa mwanamume mtu mzima. Nasi Zanzibar tunayo Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini, Nambari 8 ya 2005. Karatasi tunazo, zinazohitajika ni hatua zitakazofika gatini, sokoni na ufukweni.

Tunajua yatakayosemwa. Patasemwa kwamba fedha ni chache, na kwamba wachukuzi wenyewe hupenda kubeba mizigo miwili ili wapate zaidi. Juu ya fedha, tunajibu kwamba tunayoyadai hayahitaji mitambo mikubwa. Juu ya wachukuzi, tunasema kwamba mwenye njaa hachagui mzigo, na kuridhia kwake hakumwondolei mwajiri wajibu. Watu wa bandarini si watu wasioijua haki yao; mgomo mkubwa wa mwaka 1948 katika mji wa Unguja ulianzia kwao. Ni vyema wasikilizwe kabla hawajalazimika kupaza sauti.

Kwa hivyo tunatoa wito kwa Serikali na kwa wote wanaohusika. Katika bandari, maghala na masoko yetu, mikokoteni na njia za mteremko ziwekwe badala ya ngazi na mbao zinazoyumba, na wafanyabiashara wahimizwe kuagiza bidhaa katika mifuko ya kilo 25 kila inapowezekana. Mizigo mizito zaidi ibebwe na watu wawili, na ujira upangwe kwa namna ambayo mapumziko hayatakuwa hasara. Kwa akina mama wa mwani, yajengwe mabanda yenye meza na viti vya kufungia mbegu, na vipatikane vyombo vidogo vya kuleta mwani pwani, ili mwani usibebwe kwa vichwa. Tunapousifu Uchumi wa Buluu, tukumbuke kwamba bado kwa sehemu kubwa unabebwa kichwani. Katika skuli, mtoto apate dawati. Katika hospitali za wilaya, Unguja na Pemba, awepo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wahudumu wa vituo vya afya wakumbushwe dalili za hatari tulizozitaja. Masheha nao wasaidie kuzifikisha habari hizo mpaka mitaani.

Nao wananchi wana wajibu wao. Tusiyafiche maumivu mpaka yatuangushe, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Tusimcheke kijana anayekataa kujitwika magunia mawili kwa mara moja. Na mwenye karani, fundi au mtumishi wa nyumbani ajiulize kama kiti, meza na saa za kazi anazompa angeziridhia kwa mwanawe mwenyewe.

Mchele tunaoula, saruji tunayojengea na karafuu tunazosafirisha vimepita juu ya mgongo wa mtu kabla ya kutufikia. Mgongo huo ukivunjika, hakuna ghala linalouza mwengine. Utaratibu wa kuuhifadhi unawezekana, tena kwa gharama ndogo, na wenye madaraka ya kuuanzisha ni miongoni mwa wanaotusoma asubuhi ya leo.