Mzee na Kamera: Jibu kwa Wanaotucheka

Siku moja nilikuwa Pangani, ukingoni mwa mto, nikingojea pantoni ya kwenda Bweni. Pembeni yangu aliketi mama mmoja muuza samaki, kapu lake miguuni, mtandio ameuvuta mbele kujikinga jua, anahesabu chenji. Nilimwomba ruhusa, akacheka, akakubali, nikampiga picha. Mshairi mwenzangu niliyefuatana naye, mtu wa rika langu, akapaza sauti ili wasafiri wote wasikie: "Mwenzetu, kwa umri huu? Mambo hayo waachie watalii na watoto!" Watu waliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, kwani mzaha wa rafiki haujibiwi kwa hasira. Lakini kauli ile si yake peke yake. Nimeisikia kwenye baraza za Ngamiani, nimeisikia hata katika mikutano yetu ya washairi. Kwa hiyo leo naijibu, na naijibu hadharani kama ilivyosemwa hadharani.

Ama wale wanaojizuia na picha kwa sababu za dini, siwagusi. Hao wana hoja yao na wanazuoni wao. Nawajibu wale ambao kuta za sebule zao zimejaa picha za arusi, lakini wanaona haya kumpiga picha mpishi aliyeipika arusi hiyo.

Ukiichambua kauli yao utakuta madai matatu. La kwanza, kamera ni mchezo wa ujana. La pili, mshairi ana maneno, basi kamera ya nini? La tatu, mambo ya kila siku hayastahili picha.

Naanza na umri. Kijana hupiga picha ili aonekane. Mzee hupiga kwa kuwa ameshaona vitu vikiondoka. Aliyekulia Tanga akazisikia kelele za mitambo ya mkonge, kisha akaishi hadi akaona mingi ikinyamaza, huyo hahitaji kufundishwa kwamba jambo la kila siku lina mwisho wake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga, hakuona haya kuandika habari zake mwenyewe, wala hakuishia kwenye ujana wake. Baada ya Maisha Yangu aliandika Baada ya Miaka Hamsini. Jina la kitabu hicho latosha kuwa jibu. Ikiwa kalamu haikumdhalilisha mtu mzima, kamera itamdhalilishaje?

Sasa dai la ushairi, ambalo ndilo linaloniuma, maana mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka mingi. Marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, nimemtungia beti nyingi. Nimesifu subira yake, mikono yake, sauti yake alfajiri akiwasha moto wa vitumbua. Siku moja mjukuu wangu, mwenye mwanya katika meno ya mbele, aliniuliza: "Babu, bibi naye alikuwa na mwanya?" Nilinyamaza. Nilizipekua beti zangu zote kichwani, na hakuna hata moja iliyosema habari ya meno yake. Nilileta picha yake ya pekee tuliyo nayo, ya kitambulisho, aliyopigwa ofisini akiwa amekaza uso na kufumba mdomo. Mtoto aliitazama, akairudisha. Mama aliyecheka kila siku ya maisha yake amebakia kwetu kama mtu anayesubiri kuhojiwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mshairi huchagua, na hilo ndilo fahari yake. Lakini anapochagua, huacha, na mara nyingi hajui alichokiacha. Picha hukamata hata kile ambacho mpigaji hakukikusudia: kiraka cha mkono wa kanzu, chungu kilichopasuka ukingoni, mwanya wa meno. Mwenye kusema kwamba shairi latosha ana hakika gani kwamba wajukuu wake watauliza yale tu aliyoyatungia?

Tena tuulize: picha za mwambao tulizo nazo alizipiga nani? Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na hadi walipoondolewa Tanga mwaka 1916 walikuwa wamepiga picha za bandari, stesheni na mashamba. Katika picha nyingi za zama zile bwana ana jina lake, na Mwafrika aliyesimama kando ni mpagazi, au boi, au hakutajwa kabisa. Baadaye zikaja studio. Huko Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na kazi yake ni hazina kwa kila mpenda historia ya visiwa. Hata hivyo, katika studio mtu huenda siku moja, amevaa nguo ya Idi, amekaa kama alivyoambiwa akae. Siku nyingine zote za mwaka hazimo. Siku hizo nani azipige, kama si sisi tuliozimo ndani yake?

Na siku hizo zinaondoka. Njia ya Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 tu, na kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Kwa sababu ya ubovu wake tulikwenda taratibu, na kwa kwenda taratibu tuliona: safu za mikonge, minazi iliyolala kwa upepo, ngalawa za Kigombe zikirejea, wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mkaa, watoto wa shule wakitembea viatu mkononi. Miaka hii njia hiyo imefanyiwa kazi ya lami, na ujenzi wa daraja la mto Pangani umeanza. Silipingi daraja. Mama mjamzito wa Bweni analihitaji kuliko mimi ninavyoihitaji pantoni. Lakini gogo la kungojea pantoni ni baraza. Hapo watu wameamkiana, wamekopeshana, wameposana. Daraja halina mahali pa kungojea. Nani ataonyesha kwamba baraza hiyo ilikuwapo?

Hata hivyo, ukweli usemwe pande zote, kwani nasi wenye kamera tuna makosa. Wengi wetu tukishuka garini hulipiga picha jua linapokuchwa, tukaondoka. Jua litakuchwa kesho. Yule bibi wa machungwa kando ya barabara ya Muheza hatujui. Wengine hupiga bila kuomba. Katika kazi yangu ya kufasiri nimekutana mara nyingi na Waingereza wakisema kwamba wao picha huichukua. Kiswahili hakisemi hivyo. Sisi picha twaipiga, kama tunavyopiga hodi, na hodi isipoitikiwa mara tatu mstaarabu hurudi zake.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha picha bila majina. Kando ya njia hiyohiyo ya Pangani yapo magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya matumbawe, yaliyojengwa na watu wenye uwezo na heshima. Mawe yamebaki, lakini wengi waliolala chini yake hatuwajui kwa majina. Picha elfu moja ndani ya simu, bila jina, mahali wala tarehe, ni Tongoni nyingine tunayoijenga kwa mikono yetu. Kwa hiyo nawasihi wenzangu wa rika langu: pigeni picha, ombeni ruhusa, zisafisheni zilizo bora, na nyuma ya kila moja andikeni nani, wapi, lini. Hiyo nayo ni kazi ya kalamu, na mshairi hataidharau.

Picha ya yule muuza samaki niliisafisha na nikampelekea nakala yake. Na rafiki yangu aliyenicheka naye nilimpiga siku ile, kwa idhini yake, kichwa kakirudisha nyuma, anacheka, meno yote nje. Nyuma yake nimeandika jina lake, Pangani, na tarehe. Nimemwekea. Akiitaka na aje, mlango hauna komeo. Apige hodi tu.