Hakuna Kinachompungukia Msagane

Katika vijiji vingi vya Wakurya wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mwaka unaogawanyika kwa mbili unapoelekea ukingoni, wazee wa mila hutangaza msimu wa tohara. Wavulana hutahiriwa, na wasichana nao hupelekwa kwa ngariba. Binti anayekataa huitwa msagane. Husemwa kwamba hajakua, hata akiwa na miaka thelathini. Kwamba mahari yake ni ng'ombe wachache. Kwamba hana nafasi kati ya wanawake wenzake kwenye shughuli za ukoo. Wanaosema hivyo si lazima wawe watu wabaya. Wengi ni akina mama wanaohofia binti zao watakosa waume, na akina baba wanaoogopa aibu. Hoja yao ina sehemu mbili: asiyekeketwa hajakamilika, na ukoo ukimpokea hivyo alivyo, mila itakufa. Sehemu zote mbili si za kweli.

Tuanze na ukamilifu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliokeketwa walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kutokwa damu nyingi, ya kujifungua kwa upasuaji na ya kupoteza watoto wao. Kama kukamilika maana yake ni kuwa tayari kwa ndoa na uzazi, basi wembe wa ngariba unampunguza mwanamke yuleyule unaodaiwa kumkamilisha.

Wapo watakaouliza: sawa, lakini nani atamuoa? Jibu liko majumbani mwao. Wanaume wa Kikurya wameoa Wasukuma, Wajita na Waluo, makabila ambayo hayakeketi. Baadhi ya wake hao hushinikizwa wakeketwe, lakini wapo waliobaki walivyo, na watoto wao wanahesabiwa katika ukoo wa baba. Ukoo unaompokea mgeni asiyekeketwa utasema nini kwa binti aliyezaliwa humohumo? Akikosa mume, si mwili wake uliomkosesha. Watu ndio walioamua, na watu wanaweza kuamua vingine.

Sasa tuje kwenye mila, kwa sababu hapo ndipo hofu ilipo. Mila ya Wakurya imewahi kumtafutia nafasi mtu ambaye maisha yake hayafanani na ya wengine. Ushahidi ni nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, humuoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake. Mgeni akisikia hushangaa. Wazee wa Tarime hawashangai. Waliotangulia walimwona mwanamke anayeelekea kubaki bila mrithi wala mtu wa kumtunza uzeeni, wakamtengenezea mlango. Nyumba ntobhu ina dhuluma zake, hasa pale binti mdogo anapoozwa bila ridhaa, na hilo tusilifiche. Lakini mila iliyoweza kumfungulia mlango mwanamke huyo haiwezi kudai kwamba haijui kumfungulia msagane.

Wala kuacha alama ya mwilini hakujawahi kuua kabila. Waluo wa Rorya, wilaya iliyokuwa sehemu ya Tarime hadi 2007, zamani waling'oa meno sita ya mbele ya chini kama alama ya utu uzima. Leo kijana wa Shirati ana meno yake yote, na hakuna anayemwita nusu Mjaluo. Wakurya wenyewe walitoboa na kuvuta ndewe za masikio. Desturi hiyo imefifia, na Ukurya umebaki katika lugha, koo, ng'ombe na heshima kwa wazee.

Hoja ya mwisho ni kwamba vita dhidi ya ukeketaji vimeletwa na serikali na wageni. Je, wageni ndio wanaotoroka nyumbani msimu ukikaribia? Wanaokimbilia kituo cha Masanga huko Tarime, au nyumba salama ya Mugumu iliyo chini ya shirika la Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa binti, ni watoto wa koo hizihizi. Ukataaji huu umezaliwa Mara. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kwamba wanawake waliokeketwa mkoani walikuwa asilimia 32 mwaka 2015-16 na asilimia 28 mwaka 2022. Mkoa una makabila mengi, yakiwemo yasiyokeketa, lakini ukweli unabaki: anayeitwa si wa kawaida kijijini kwake ndiye aliye wa kawaida katika mkoa wake.

Sheria ipo. Tangu 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa linaloweza kumfunga mtu miaka 5 hadi 15. Lakini sheria hiyo haimlindi aliyevuka umri huo, na hata ingemlinda, hakimu hawezi kuamuru wifi amkaribishe mke wa kaka yake wala mama mkwe amheshimu. Binti anaweza kuokolewa Desemba na kutengwa Januari, na kutengwa huko ndiko kunakomsukuma mdogo wake akubali wembe.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya ukoo. Wazee wanaotangaza msimu watangaze pia, mbele ya watu, kwamba asiyekeketwa ni mtu mzima mwenye haki zote. Baba asipokee posa inayopunguza ng'ombe kwa sababu ya mwili wa binti yake. Kijana anayetaka kuoa aseme wazi nyumbani kwao kwamba hamtaki ngariba katika ndoa yake. Siku hayo yakifanyika, hakuna binti atakayehitaji kukimbia kwao ili abaki mzima.