Taa Inayowaka Kwenye Kona Isidharauliwe

Magari yamekuwa mengi katika Uganda yetu, nasi wanafunzi hupanda mabasi na teksi kila likizo. Yafaa basi tuzungumze juu ya taa ndogo zilizo mbele ya dereva, hasa ile ambayo huwaka gari linapokata kona na kuzimika njia inaponyooka. Madereva wengi husema, "Hiyo ni waya tu." Wengine huchomoa balbu, au huibandikia karatasi wasiione. Mimi nasema kwamba taa ya namna hiyo ni shahidi, na si haki kumnyamazisha shahidi kabla ya kumsikiliza.

Sababu yake si uchawi. Tumefundishwa darasani sheria za mwendo alizozichapisha Newton mwaka 1687. Kitu kilicho katika mwendo hutaka kuendelea moja kwa moja. Kwa hiyo gari likipinda kushoto, majimaji yaliyo ndani yake hukimbilia kulia, kama chai katika kikombe. Oili hukaa katika bakuli chini ya injini, na pampu huivuta kutoka humo. Oili ikiwa haba, kwenye kona huikimbia pampu, pampu huvuta hewa, nguvu ya oili huanguka, na taa nyekundu yenye picha ya kibirika huwaka. Huzimika njia inyookapo, lakini katika nukta hizo chache vyuma vya injini vimesuguana bila oili ya kutosha.

Taa ya breki nayo ni vivyo hivyo. Katika kikopo cha mafuta ya breki mna kielea. Mafuta yakipungua, kielea hushuka, na kwenye kona ndiko taa huanza kuwaka. Wala haitoshi kuongeza mafuta na kwenda zetu, maana huenda pedi za breki zimelika, au bomba linavuja. Mwenye kujaza tu amezima taa, hakutengeneza breki.

Tena iko taa ya manjano yenye herufi ABS. Waya za vipimo vya mwendo katika magurudumu ya mbele hujikunja kila usukani unapozungushwa, na mwishowe huweza kukatika. Au beringi iliyolika huacha gurudumu likicheza. Breki za kawaida huweza kufanya kazi bado, lakini ule msaada wa kuzuia magurudumu yasijifunge haupo.

Nakubali kwamba mara nyingine ni waya kweli. Lakini asemaye hivyo, je, amepima? Simamisha gari mahali palipo sawa, zima injini, ngoja dakika chache, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha kitazame. Oili iwe kati ya alama mbili. Kazi hiyo haigharimu hata senti moja, na lita moja ya oili ni rahisi kuliko injini. Ikiwa oili imetimia na taa ingali ikiwaka, usiendelee na safari. Fundi aipime nguvu ya oili kwa geji. Naye aambiwe mambo wazi: ni taa gani, rangi gani, kona ya kushoto au ya kulia, na mwendo gani.

Dalili ya mvua ni mawingu. Anayepanda njia ya Kabale kwenda Kisoro hukata kona baada ya kona, na bonde liko kando yake. Huko si mahali pa kujaribu kama shahidi alisema kweli.

Enyi ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni na kupata magari, msizinyamazishe taa zenu. Nasi tulio abiria tusione haya kuuliza kwa adabu, "Mzee, taa ile yasema nini?" Dereva mwema hatakasirika, na yule atakayekasirika ndiye hasa aliyestahili kuulizwa.