Chupa Isiyo na Jina

Ndugu msomaji, simama kidogo, uangalie mahali unapoweka chupa ndogo za nyumbani mwako. Ziko ngapi? Je, unajua kila moja ina nini? Usijibu kwa haraka. Zichukue moja moja mkononi. Kama inakubidi kufungua kifuniko na kunusa ili ujue kilichomo, basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yako.

Katika nyumba nyingi za Kisangani, Makiso na Mangobo, Kabondo na Tshopo, hata ng'ambo ya mto kule Lubunga, chupa haitupwi. Hilo ni jema, maana chupa ina kazi nyingi. Chupa ya limonadi yawa chupa ya mafuta ya taa. Kichupa cha dawa ya kikohozi chatiwa dawa ya kuua wadudu. Mama anayeoka keki na kuuza juisi ana vichupa vyake vya ladha: vanila, ndimu, nanasi, ndizi. Jirani anayepika sabuni kwa mafuta ya mawese ana soda kali. Na kijana aliyezoea sigara ya umeme huenda ana vichupa vyake pia, vya ladha na vya nikotini, naye huchanganya mwenyewe nyumbani ili apunguze gharama.

Vichupa hivyo vyote vyafanana. Vyakaa juu ya kibao kimoja, vimesimama bega kwa bega kama ndugu. Lakini si ndugu. Kimoja chatia utamu katika keki, cha pili chaunguza koo, cha tatu chaweza kumwua mtoto.

Basi maoni yangu ni haya: chupa isiyo na jina ni mbaya kuliko nyoka nyumbani. Nyoka akionekana, watu wote hukimbia. Chupa ikionekana, mtoto huifuata.

MTOTO HUSOMA KWA PUA

Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma maandishi. Yeye husoma kwa macho, kwa pua na kwa ulimi. Akiona chupa ya limonadi, anasoma: limonadi. Akinusa embe, anasoma: embe. Je, amekosa? Hapana. Sisi wazazi ndio tuliomwandikia uongo.

Kwa sababu hiyo vichupa vyenye harufu tamu vyataka ulinzi kuliko vyote. Mafuta ya taa yananuka vibaya, na bado watoto huyanywa, kwa kuwa yamo ndani ya chupa ya kinywaji. Je, itakuwaje kwa nikotini iliyotiwa harufu ya nanasi?

Usidhani nakutisha bure. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2014, katika jimbo la New York huko Marekani, mtoto wa mwaka mmoja alikufa kwa kumeza maji ya nikotini. Mwezi wa Januari mwaka wa 2016 nchi ile ilitia sahihi sheria kwamba vyombo vya maji hayo viwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua kwa urahisi. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria yao ya mwaka wa 2014, zilikataza kichupa cha kujazia kipite mililita 10, wala nikotini isipite miligramu 20 katika kila mililita. Jirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya tumbaku ya mwaka wa 2015 imekataza kabisa kuuza sigara za umeme.

Fanya hesabu pamoja nami. Wale wanaochanganya nyumbani mara nyingi hununua nikotini kali, yenye miligramu 100 katika mililita moja. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Basi kijiko kimoja kina miligramu 500, nikotini inayopita ile iliyo ndani ya sigara 30. Tena nikotini hupita katika ngozi. Ikimwagika mkononi, haingoji kumezwa.

«LAKINI MIMI NAZIJUA CHUPA ZANGU»

Watu wengi hunijibu hivyo. Nami sina neno la kuwacheka, kwa sababu nilisema hivyo hivyo.

Miaka iliyopita nilitia mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, nikaiweka karibu na mtungi. Nilisema moyoni, «Mimi najua.» Usiku umeme ukakatika. Mgeni wetu, mzee mwenye heshima, akaamka na kiu. Hakutaka kutusumbua. Alipapasa gizani, akaishika chupa, akanywa. Alitema upesi, lakini machache yalikuwa yamekwisha kupita njia ya pumzi. Alikohoa mpaka asubuhi, akashikwa na homa, akalala hospitali siku kadhaa. Akapona. Lakini mimi sikusahau. Jina la chupa ile liliandikwa katika kichwa changu tu, na mzee wangu hakuweza kulisoma humo.

Wengine husema, «Mtoto afundishwe asiguse. Akigusa, achapwe.» Ni vema kumfundisha mtoto. Lakini mtoto wa miaka miwili husahau upesi, na sumu haingoji akue. Mafundisho ni ya mtoto. Kufuli ni ya mzazi. Usimpe mtoto kazi yako.

Wengine tena husema, «Mambo hayo ni ya watu wenye mali.» Sivyo. Kipande cha karatasi, kalamu ya risasi, uzi mwekundu na sanduku la mbao lenye kufuli havishindi bei ya siku moja ya kulala hospitali.

TUJIFUNZE KUTOKA CHUMBA CHA DAWA

Yakusu, kijiji kilicho kando ya mto karibu na mji wetu, ni mahali ambapo munganga Clement Chesterman wa Baptist Missionary Society alifika mwaka wa 1920. Ugonjwa wa usingizi ulikuwa ukimaliza vijiji. Yeye na wauguzi wake wa nchi hii walitumia dawa iliyoitwa tryparsamide. Dawa hiyo iliponya wengi, lakini ikipita kipimo iliweza kuharibu macho. Mbele ya dawa kama hiyo hakuna mwuguzi anayeweza kusema, «Nadhani ni chupa hii.»

Hata leo mwuguzi mwema husoma jina mara tatu: anapochukua chupa, anapopima, na anapoirudisha. Hafanyi hivyo kwa kuwa ni mjinga. Anafanya kwa kuwa anajua kwamba mkono uliochoka hukosa.

Huko Uingereza, katika karne ya 19, watu waliokuwa wakitafuta dawa gizani walikunywa sumu kwa makosa. Ndipo mafundi wakatengeneza chupa za sumu zenye mistari iliyoinuka ubavuni, ili mkono uhisi hata taa ikizimika. Nasi katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara twaweza kufanya neno lilo hilo kwa uzi tu.

NAMNA YA KUPANGA CHUPA

1. Chupa ya kinywaji ni ya kinywaji tu. Usiitie mafuta ya taa, wala maji ya Javel, wala soda kali, hata kwa siku moja. Kila sumu ikae katika chombo ilichonunuliwa nacho.

2. Andika jina na tarehe siku ile ile unapoleta chupa. Mji wetu u karibu na mstari wa ikweta; joto na unyevu hubandua karatasi na kufuta wino. Andika kwa kalamu ya risasi, kisha funika karatasi kwa utepe unaong'aa. Jina likififia, liandike tena. Kama hujui tena kilichomo, usinuse wala kuonja, wala usimpe mwingine. Itenge mbali, umwulize mwuguzi namna ya kuiondoa.

3. Funga uzi mwekundu shingoni mwa kila chupa ya sumu, ufunge mafundo matatu. Asiyejua kusoma ataona. Aliye gizani atahisi.

4. Tenga vikundi viwili, wala visikutane kamwe. Ladha za keki na juisi zikae pamoja na vyombo vya jikoni. Sumu zikae katika sanduku lenye kufuli, juu, mbali na jiko na mbali na chakula.

5. Vichupa vya ladha visimame wima, vifuniko vimekazwa, mahali pa giza na baridi kidogo. Jua na joto huharibu ladha. Cha zamani kikae mbele, kitumike kwanza. Kumbuka kwamba ladha nyingi zina pombe ndani: zaweza kushika moto, zaweza kumlewesha mtoto. Na mafuta makali ya kuchulia mwili, kama yale ya mkaratusi au ya kafuri, si ladha. Kiasi kidogo kikimezwa chaweza kumtia mtoto kifafa. Yakae pamoja na sumu.

6. Ladha ya keki ibaki ya keki. Tumbo na mapafu si kitu kimoja. Mwaka wa 2000, katika jimbo la Missouri huko Marekani, wafanyakazi wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi walionekana na mapafu yaliyoharibika. Walikuwa wamevuta mvuke wa ladha ya siagi, ambayo watu huila bila shida. Basi, kijana wangu, usivute unachokila, na hasa usivute ladha yenye mafuta.

Hapa niseme wazi neno langu juu ya kuchanganya maji ya sigara ya umeme nyumbani. Heri uache. Lakini kama hujaacha, usifanye kazi hiyo jikoni, wala juu ya kitanda, wala mbele ya watoto. Vaa mipira ya mikono. Nikotini ifungiwe kwa kufuli, na chupa tupu pia, maana matone yaliyobaki ndani yana nguvu bado.

KAMA MTOTO AMEKWISHA KUNYWA

Usimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia katika mapafu, na soda kali ikirudi juu huunguza koo mara ya pili. Usimpe mafuta ya mawese wala maziwa. Najua wazee wetu walitoa mafuta ya mawese kwa moyo mwema, lakini yaweza kumfanya atapike, na kutapika ndiko kunakoua. Futa kinywa chake. Ikiwa sumu imemwagika juu ya mwili, vua nguo zake, mwoshe kwa maji mengi.

Nikotini humfanya mtoto atoe mate mengi, atapike, atoke jasho, atetemeke, hata apatwe na kifafa. Mtoto akitapika mwenyewe au akizimia, mlaze ubavu. Usingoje uone kama atapona. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza, maana mapafu yaliyoguswa na mafuta ya taa huweza kuonyesha ubaya baada ya saa kadhaa. Na ichukue chupa, uende nayo. Munganga atakuuliza kwanza, «Amekunywa nini?» Kama chupa ina jina, jibu liko mkononi mwako. Kama haina jina, sote tutakaa tukinusa, na mtoto anapoteza wakati.

Mama, wewe unayeuza juisi ili watoto wasome. Baba, wewe unayepika sabuni ili nyumba ile: siwaambii mwache kazi zenu. Kazi ya mikono ni heshima ya nyumba. Nasema tu kwamba kazi hiyo ni kwa ajili ya watoto, basi isiwadhuru watoto.

Usingoje kesho. Leo jioni, kabla taa haijazimwa, teremsha chupa zote mezani. Mwite mume wako au mke wako, na mtoto mkubwa anayejua kuandika. Ulizeni juu ya kila moja: Wewe ni nani? Chupa itakayokosa jibu isirudi juu ya kibao.